Mtoeni Malkia kwenye Orodha

TANGAZO. Umma wote wa Hyattsville, pamoja na vitongoji vyake hadi kule basi linakogeuzia, unajulishwa kwamba Mheshimiwa Gad Gahungu, Katibu Mkuu wa Nyumba Namba 304, Msemaji wa Ukoo, Mpokeaji Mkuu wa Simu na Mfunguaji wa Barua Zote Zenye Kidirisha cha Plastiki, ameanza rasmi saa zake za kazi. Wenye shida wapange foleni. Wenye shida kubwa waje na chapati.

Baada ya tangazo hilo Mheshimiwa alivua soksi, akainusa, akairudisha mguuni, akaenda kutupa takataka kama alivyoagizwa tangu asubuhi.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Cheo alijipa mwenyewe, lakini kazi hakujipa. Alipewa na shangazi yake Nyandwi, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu ana miaka mitano: kwanza Uvira, halafu Nairobi, halafu hapa Maryland. Walipokuwa Kenya kanisa lilimlipia Gad shule ya bweni karibu na Kitale, na huko alipata vitu viwili ambavyo havikuandikwa kwenye ripoti ya muhula: Kiingereza cha kumtosha yeye na ukoo mzima, na kipaji cha kuiga sauti za watu. Siku moja alisimama nje ya dirisha la bweni, akakohoa kama mwalimu mkuu, akawaruhusu darasa la saba lote walale hadi saa mbili asubuhi. Alifyeka nyasi wiki mbili kwa ajili ya kikohozi hicho, na hajakijutia hadi leo.

Nyandwi naye alikuwa na Kiswahili, Kirundi na Kifaransa cha kuombea samahani. Kiingereza chake kilikuwa cha ghala la kupakia maboksi alikofanya kazi: maneno arobaini, na thelathini kati yake yalikuwa amri. Uso kwa uso alijitahidi, kwa mikono na kwa kicheko. Lakini kwenye simu, mahali pasipo na mikono wala uso, alikuwa kama mtu aliyezimiwa taa chooni. Kwa hiyo karatasi zote za nyumba zilibeba namba moja. Shule, mwenye nyumba, umeme, wakala wa kazi, zahanati, wote walipewa namba ya Gad. Nyandwi aliiita "namba ya nyumba".

"Bwana Katibu," alikuwa akimwambia akirudi kazini, huku akivua viatu mlangoni, "leo nani alitutafuta?"

"Tantine, leo wametutafuta matajiri wawili na mwanamfalme mmoja. Wote wanataka kutupa gari."

"Baambie balete. Lakini isikuwe nyekundu."

Matajiri hao walikuwa matapeli wa simu, na Gad aliwapenda kuliko soka. Aliwahi kumshikilia mmoja dakika arobaini, kwanza kama padri, baadaye kama mjane wa padri, mpaka tapeli mwenyewe akamuuliza mjane ilikuwaje akaolewa.

Mwezi wa Oktoba, Jumapili moja baada ya ibada, gari kubwa jeupe lenye utepe wa rangi ya waridi liliegeshwa kwenye uwanja wa kanisa. Edah, Mkenya aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee na ambaye hakuna mwanamke kanisani aliyethubutu kumkatalia, aliwapanga wanawake foleni kama watoto wa chanjo. Wanaume waliambiwa wakanywe chai, wasiulize. Nyandwi aliingia akiwa anacheka, akatoka akiwa anafunga kifungo cha juu cha blauzi.

"Walikupima nini?" Gad aliuliza.

"Presha."

"Gari lote lile, presha?"

"Mambo ya bamama. Weye kunywa chai yako."

Hilo halikuwa uongo mbaya. Lilikuwa adabu. Kwao shangazi ni baba wa kike, na hakuna baba duniani anayekaa na mwanawe wa kiume kuzungumzia titi lake. Kwenye fomu Edah aliuliza namba ya simu. Nyandwi akataja ile ya nyumba. Kisha Edah akaufunga mpango kwa maneno ambayo Nyandwi aliyashika kama mstari wa Biblia: "Wakiona kitu, watakupigia, Mama Gad. Wasipopiga, jua uko sawa."

Simu ilikuja katikati ya Novemba, saa kumi jioni, Gad akipika tambi. Ilikuwa namba ngeni. Alifuta mikono kwenye suruali, akakohoa mara mbili kama balozi, akapokea.

"Ikulu ya Malkia Nyandwi wa Kwanza," alisema kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu wa zamani. "Taja shida yako, kisha ulie."

Halafu ikaja sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyepiga simu nyingi siku hiyo. Alikuwa akimtafuta Bi Nyandwi kuhusu kipimo chake cha mwezi uliopita. Kwanza angependa kuthibitisha tarehe yake ya kuzaliwa.

Gad alitabasamu. Tarehe ya kuzaliwa! Wiki ya kwanza waliyofika Marekani, wakimbizi wote waliketishwa ukumbini wakaonywa kwa lugha sita: anayekupigia simu na kukuomba tarehe ya kuzaliwa ni mwizi. Na huyu hapa, amejileta mwenyewe, tena kabla ya chakula.

"Subiri nimwite," alisema. Akaweka simu mbali, akaburuta kiti sakafuni ili zisikike nyayo za kifalme, kisha akarudi na sauti ya Tantine: nzito, ya kifuani, yenye maneno arobaini. "Mimi Malkia. Malkia hapana zaliwa. Malkia vaa taji."

"Bi Nyandwi, ni muhimu turudie picha. Ungependa nikutafutie mkalimani?"

"Mimi hapana taka pima. Mimi mzima. Toa mimi kwa orodha."

"Una uhakika?"

"Toa! Haraka! Boksi lingine!"

Akakata. Alicheka mpaka tambi zikafurika na kuzima jiko. Nyandwi aliporudi alimwambia tu kwamba amemfukuza mwizi aliyetaka tarehe yake ya kuzaliwa, na Nyandwi akamgonga kichwani kwa upendo. "Vizuri, Bwana Katibu. Bezi basijue umri wangu."

Ilikuwa simu moja. Iandikwe hivyo katika kumbukumbu za Ikulu.

Majira ya baridi yaliingia. Kila jioni Nyandwi aliuliza swali lilelile, ila siku hizo aliliuliza akiwa ameinama kwenye viatu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka.

"Hakuna mutu alipiga?"

"Mtu gani?"

"Mutu yeyote."

"Hakuna, Tantine."

Kila alipojibiwa hivyo alinyoosha mgongo na kuingia jikoni akiimba. Jumapili ya mwisho ya Desemba alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alisema kwamba mwaka huu alipimwa, akakaa akingoja, na hakuitwa. Mungu amemfunika. Wanawake waliojua alichokuwa anasema walipiga vigelegele, na Nyandwi akacheza kutoka madhabahuni hadi kwenye kiti chake, mikono juu, yote miwili. Gad alikuwa benchi la nyuma. Alikuwa akifunga kamba za viatu, na kamba hizo zilimchukua muda mrefu.

Ilikuwa Aprili Edah alipokuja kuchukua sufuria yake kubwa. Nyandwi aliinyanyua kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akaubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa.

"Mama Gad, huo mkono umefanya nini?"

"Maboksi."

"Maboksi gani? Inua nione."

"Dada, chukua sufuria uende."

"Aki siendi. Inua."

Hakuinua. Edah akamshika bega, akamwongoza chumbani, akafunga mlango. Gad alibaki sebuleni na sufuria. Alisikia Edah akisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kumsikia nayo. Mlango ulipofunguka Edah alikuwa amelia na kumaliza.

"Umekaa na kitu hii tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Hainiumi sana."

"Na hukusema?"

"Hawakupiga, dada. Ulisema bakiona kitu batapiga. Basi nilijua ni maboksi."

Edah akageuka. "Gad. Kuna mtu aliwahi kupiga simu kuhusu Mamako? Watu wa lile gari? Hospitali?"

"Hapana, Anti."

Katibu Mkuu alijibu upesi kuliko swali lilivyohitaji.

Kuanzia siku hiyo Gad alifanya kazi ambayo hajawahi kuifanya katibu yeyote. Alipiga simu kabla ya shule, wakati wa chakula cha mchana na ndani ya choo cha wavulana wakati wa somo la kemia. Ofisi ya kwanza iliuliza bima. Nyandwi alikuwa nayo zamani, ya serikali, lakini barua ya kuijaza upya ilikwenda Riverdale walikohama, na aliyehamia pale hakuwa na sababu ya kuwatafuta. Ofisi ya pili ilisema upo mpango wa bure kwa wasio na bima, ila inahitajika rufaa ya daktari. Ofisi ya tatu ilikuwa na daktari wa kuandika rufaa, ila alitaka bima. Gad aliwaeleza kwa adabu zote za bweni kwamba hapo wamemchorea duara. Mwanamke wa ofisi ya tatu alikubali kuwa ni duara, akampa pole na namba ya nne.

Namba ya nne ilikuwa Manassas, na ajabu, walikuwa na nafasi Jumanne. Gad aliruka. Kisha wakauliza anwani.

"Hyattsville."

"Hiyo ni Maryland."

"Ndiyo."

"Mpango huu ni wa wakazi wa Virginia."

"Titi lake halijui mpaka uko wapi," Gad alisema, akashtuka. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka kinywani kuhusu Tantine. Alikuwa kwenye choo cha wavulana, peke yake, na bado aliona aibu.

Mara nyingine walikataa kuzungumza naye kwa sababu sheria inataka mgonjwa mwenyewe. Basi alirudi kwenye ile sauti, nzito, ya kifuani, na safari hii aliitumia kwa kukubali kila kitu. Ndiyo. Mimi Nyandwi. Ndiyo, mimi kuja.

Ilipopatikana nafasi hapo karibu, ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Kwenye ghala lao kukosa kazi siku moja ni pointi moja, na ukifikisha sita umefukuzwa. Nyandwi alikuwa na tano, mbili kati yake za siku za theluji ambazo basi halikuja. Gad aliamka Jumatano ile akamkuta amevaa sare za kazi.

"Tantine, leo ni hospitali!"

"Nikifukuzwa, ile bima ya kampuni ambayo iko inakuja mwezi wa saba itapotea. Ndiyo itanilipia dawa."

"Huwezi kungoja mwezi wa saba!"

"Mutoto, nimengoja vita iishe," alisema, akifunga zipu ya koti kwa mkono mmoja. "Nitashindwa kungoja bima?"

Ikabidi Edah aende mwenyewe ghalani kuongea na msimamizi, kwa Kiingereza chake chote cha Nakuru na vidole viwili vya onyo. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tatu. Wakampiga picha. Wiki mbili baadaye wakachukua kipande cha nyama. Wiki mbili nyingine wakampiga picha ya mwili mzima. Ilikuwa Juni walipoitwa kwenda kusikiliza majibu.

Chumba kilikuwa kidogo, na sanduku la karatasi za kujifutia liliwekwa mezani upande wa Nyandwi, kama sahani ya mgeni. Kulikuwa na daktari, na kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Audrey, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashika mkono wagonjwa wasipotee kwenye makaratasi. Gad alivuta kiti mbele, akakohoa. Audrey akamwambia kwa upole kwamba hapana. Hapa mtoto hatafsirii familia yake. Akasukuma mbele kioo cha video kilichosimama juu ya nguzo yenye magurudumu, na ndani ya kioo kulikuwa na mwanaume mwenye tai na vipokea sauti masikioni.

Katibu Mkuu alifutwa kazi namna hiyo, bila barua.

"Shikamoo, mama," alisema mwanaume wa kwenye kioo. "Naitwa Method. Mimi ni mkalimani wako leo. Kila kitakachosemwa humu nitakitafsiri chote, kama kilivyosemwa, sitaongeza wala kupunguza."

"Ayi, unaongea Kiswahili ya redio!" Nyandwi alicheka. "Weye ni wa wapi, baba?"

"Bukoba, mama."

"Basi tuko majirani. Ziwa moja kando ya lingine."

Method alitafsiri hata hilo, na daktari akatabasamu asijue afanye nini na ziwa. Kisha akaanza. Alisema polepole, akisimama kila baada ya sentensi, na Method alizileta moja moja. Ugonjwa ulianzia kwenye titi la kulia. Umefika kwenye mifupa ya mgongo. Umefika na kwenye ini. Dawa zipo, na wataanza wiki hii, na mambo ya malipo yataangaliwa. Dawa hizo zitaupunguza mwendo.

"Kupunguza," Nyandwi alisema. "Na kuondoa?"

Method aliuliza. Daktari akajibu. Method akalileta hilo nalo kama lilivyo. "Kuuondoa, hapana, mama."

Nyandwi alivuta kitenge begani akakilaza kifuani, kwa sababu neno titi lilikuwa limesemwa mara nne mbele ya mtoto wa kaka yake. Hakuligusa sanduku la karatasi. Daktari alitoa pole, akaeleza tarehe, akatoka. Audrey akabaki.

"Muulize," Nyandwi alimwambia Method, "kama bangeona mu ile gari, mwezi wa kumi. Ingekuwa hivihivi?"

Audrey aligeukia kompyuta, akasoma, akasogea karibu na kioo.

"Anasema waliona, mama. Oktoba waliona. Ilikuwa ndogo, kama harage. Wakati huo ingeweza kutolewa."

"Waliona?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hawakuniita?"

Gad alisikia swali hilo likitafsiriwa. Alitazama mlango. Ulikuwa hatua tatu. Audrey alikuwa akiteremsha ukurasa kwa kidole, na uso wake ulibadilika, kama wa mtu anayesoma kitu ambacho hakukitarajia kwenye faili la mgonjwa. Alianza kusema. Method alimsikiliza mpaka mwisho, akarekebisha tai.

"Anasema walikupigia, mama. Mara tatu. Tarehe kumi na nne Novemba alipokea mtu, akasema kwamba hapo ni… naomba radhi, natafsiri kama ilivyoandikwa… ni ikulu ya Malkia Nyandwi wa Kwanza."

Nyandwi alikisogelea kioo.

"Kisha mgonjwa mwenyewe akaja kwenye simu. Akasema ni mzima, hataki kupimwa, atolewe kwenye orodha."

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Miye?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Tarehe kumi na sita walipiga tena ili kuhakikisha. Alipokea mtu akabweka kama mbwa, akakata. Tarehe ishirini haikupokelewa. Kwenye fomu ulikuwa umekubali kuachiwa ujumbe, kwa hiyo waliacha ujumbe, ukataja kwamba ni kuhusu picha ya matiti, kwamba kuna kitu kimeonekana upande wa kulia, na kwamba tafadhali lisichukuliwe kama mzaha. Baada ya hapo walituma barua. Ilirudi kutoka Riverdale, anwani iliyo kwenye kitambulisho chako. Na kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameomba kutolewa, walimtoa."

Mashine ya baridi ilikuwa ikivuma dirishani. Audrey alimtazama Nyandwi, kisha akamtazama Gad, kisha akatazama kibodi.

Nyandwi hakumtazama Gad kabisa. Alikitazama kioo.

"Baba Method, mwambie huyu mama," alisema. "Mwambie kosa ni langu. Huyu mutoto nilimwambia walinipima presha. Sikumwambia ukweli, niliona haya. Walipopiga alifikiri ni bezi. Sisi tulifundishwa, mutu akiuliza tarehe ya kuzaliwa, ni mwizi. Alikuwa ananilinda. Mwambie aandike hivyo."

Method akatafsiri. Audrey akaitikia kwa kichwa taratibu. Alisema kwamba anaelewa, kwamba ni mtoto, kwamba hangeweza kujua.

Ndipo Nyandwi alipomgeukia Gad. Macho yake yalikuwa makavu na mapana, na yalikuwa yakimwomba kitu.

"Na ule ujumbe wa tatu haukusikia, si ndiyo, papa? Simu yako imepasuka kioo. Huwa inapoteza vitu."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na aliyeufungua ni Tantine. Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja. Method angelitafsiri, Audrey angeliandika, wangekwenda nyumbani na dawa.

Lakini huko nyuma, katika kumbukumbu za Ikulu, imeandikwa kwamba simu ilikuwa moja. Katibu aliyeandika hivyo alijua ni tatu. Alitumaini kwamba hakuna atakayehesabu, kama ilivyotumainiwa kuanzia Novemba hadi Juni, kila jioni Tantine alipoinama kwenye viatu vyake na kuuliza.

"Nilisikia," Gad alisema.

Alilisema kwa Kiswahili, na nyuma yake, kutoka kwenye kioo, Method akalisema kwa Kiingereza. Gad alikuwa amesahau kwamba kila kitakachosemwa humu kitatafsiriwa. Audrey aliinua kichwa.

"Usiseme kama hutaki," Nyandwi alinong'ona, na hilo pia likatafsiriwa.

"Niliusikiliza mpaka mwisho, Tantine. Mara mbili."

Nyandwi alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. Alipumua. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kumwagiza atupe takataka, "Basi sema yote. Polepole, huyu baba apate kutafsiri."

Gad alitafuta sauti ya kulisemea. Ya mwalimu mkuu haikuja. Ya padri haikuja, wala ya mjane wake. Iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka kumi na sita, na ilikatika katikati.

"Ya kwanza nilidhani ni mwizi. Hiyo ni kweli. Ya pili sikuwa na hakika, nikabweka. Ya tatu nilijua. Alisema titi. Alisema kuna kitu. Nilikuwa nimekaa kitandani, na wewe ulikuwa jikoni unaimba. Nilisimama nije nikuambie. Nikafika mlangoni. Nikaona nitalisemaje neno lile mbele yako. Na ningelisema, ungeniuliza mbona wanasema walipiga mwanzo, na ningelazimika kukuambia nilifanya nini kwa sauti yako. Nikasema kesho. Nikasema wataandika barua. Nikasema watapiga tena, nami nitapokea vizuri. Nilingoja wapige tena, Tantine, naapa, nililala na simu mkononi. Hawakupiga. Na kila siku uliniuliza."

Method alikuwa sentensi mbili nyuma. Wote wakamngoja afike.

"Na ule ujumbe," Gad alisema, "niliufuta mimi. Siku ile uliyotoa ushuhuda. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Ulikuwa unacheza."